Anza na mboga, ugali uje mwisho
Kwa wenzangu mlioambiwa sukari ya damu iko mpakani (imepanda, ila haijafika kisukari): chakula kikitengwa, maliza kwanza mchicha na maharage au samaki, ugali uusubirishe kama dakika 10. Nyuzinyuzi na protini zikitangulia, tumbo huachilia chakula polepole na sukari haipandi kwa kishindo. Nimejipima saa mbili baada ya kula, sahani ileile: ugali kwanza 9.4 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu), mboga kwanza 7.6. (Osha kidole ukikaushe kabla ya kuchoma, maji ya embe yaliyobaki kidoleni yalishanipandishia namba kwa uongo.) Haisaidii ukishushia na soda au juisi, wala ugali wenyewe ukiwa mlima. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amuulize daktari wake kwanza.