Kupima gesi ya radoni nyumbani kwa kopo la mkaa

Somo hili ni la mnaoishi Iowa, Marekani. Kaunti zote 99 za jimbo hilo zimewekwa na EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, katika kundi la hatari kubwa kuliko yote ya radoni. Radoni haina rangi wala harufu. Hutokana na urani, madini ya mionzi yaliyomo udongoni, hupenyea nyufa za sakafu, na kuivuta kwa miaka mingi huleta saratani ya mapafu. Kopo la mkaa ni kopo dogo lenye mkaa unaoinasa gesi hiyo, kisha maabara huipima.

1. Chagua chumba cha chini kabisa kinachotumika. Watoto wakilala besimenti (chumba cha chini ya ardhi), pima besimenti. Jikoni, bafuni na penye mashine ya kufulia hapafai, maana mkaa hunywa unyevu na majibu huharibika.

2. Saa 12 kabla ya kuanza, funga madirisha na milango yote ya nje, na ibaki hivyo hadi mwisho. Kuingia na kutoka ruksa, mradi mlango usiachwe wazi. Heta iendelee kama kawaida. Feni ya dirishani izimwe. Upepo mkali ukitabiriwa, ahirisha.

3. Weka kopo juu ya stuli: angalau sentimita 50 kutoka sakafuni, 90 kutoka dirishani, 30 kutoka ukuta wa nje. Fungua, andika tarehe na saa.

4. Makopo mengi hukaa siku 2 hadi 7; soma karatasi yake. Muda ukitimia, ziba, andika saa, tuma maabara siku hiyohiyo. Hapa ndipo wengi huboronga. Radoni iliyonaswa hupungua nusu kila siku 3.8, kwa hiyo kopo lililosahaulika wiki mbili garini halina tena cha kupimwa.

Maswali

*Asante mwalimu. Yangu imerudi 5.2. Nihame?*
Usihame, dada. Hizo ni pikokuri kwa lita, kipimo cha mionzi ya radoni hewani; hatua huchukuliwa kuanzia 4, yaani bekereli 148 kwa mita ya ujazo kwa kipimo kile kingine. Pima tena, kwa kopo jingine au kipimo cha zaidi ya siku 90. Ingekuwa zaidi ya 8, ningesema kopo la pili leo leo. Wastani wa makopo mawili ukifika 4, mwite fundi wa radoni: hupitisha bomba chini ya zege, na feni huinyonya gesi na kuitoa juu ya paa.

*Jirani kapata 1. Nami nipime?*
Pima. Nyumba mbili zilizopakana hutofautiana sana.

*Napanga ghorofa ya juu je?*
EPA hushauri kupima nyumba zote zilizo chini ya ghorofa ya tatu. Angalia, ndugu: Marekani ghorofa ya chini ndiyo ya kwanza, kwa hiyo tatu yao ni ya pili kwa hesabu ya kwetu.