Mpime lishe kabla ya kisu: ninavyowakagua wagonjwa wa saratani wodini

Mgonjwa wa saratani ya utumbo akilazwa hapa Unguja, wengi wetu hukimbilia vipimo vya damu na fomu ya ridhaa. Lishe husahaulika, na aliyedhoofu kidonda chake huchelewa kufunga na maambukizi humpata upesi. Mimi hutumia kipimo cha NRS 2002, yaani maswali machache yanayompa mgonjwa alama za hatari ya utapiamlo, ndani ya saa 24 tangu alazwe.

Hatua ya 1: Mizani. Viatu na buibui vivuliwe. Kisha bonyeza kifundo cha mguu kwa kidole. Shimo likibaki, au tumbo likiwa na maji, uzito huo usiuamini, maji yameuongeza. Tegemea zaidi maswali.

Hatua ya 2: Uzito wa zamani. Hapa ndipo penye kazi. Bibi mmoja kutoka Pemba alinambia hajakonda. Nikamtazama kidoleni, pete kaizungushia uzi isimvuke.

"Bibi, uzi huu umeutia lini?"

"Baada ya Idi, mwanangu."

Miezi miwili. Bintiye akatoa kadi ya kliniki ya presha ya wakati ule: kilo 58. Mizani yetu ilisoma 52. Zimekwenda 6, zaidi ya asilimia 10.

Kupungua zaidi ya asilimia 5 kwa miezi 3 ni alama 1, kwa miezi 2 ni alama 2, kwa mwezi mmoja ni 3.

Hatua ya 3: Chakula cha wiki iliyopita. Usiulize "unakula vizuri?" Atakujibu "Alhamdulillahi", basi. Uliza sahani ya jana ilirudi jikoni na nini. Akila robo tatu ya kawaida yake, alama 1; nusu, 2; robo au chini, 3. Bibi alikuwa akiacha nusu. Baina ya uzito na chakula chukua alama kubwa, usizijumlishe.

Hatua ya 4: Upasuaji mkubwa wa tumbo, alama 2. Miaka 70 au zaidi, ongeza 1. Bibi ana 71, kwa hiyo 2 za uzito na chakula, 2 za upasuaji na 1 ya umri: alama 5.

Hatua ya 5: Kuanzia 3 yumo hatarini; mwite mtaalamu wa lishe siku hiyo hiyo. Kwa aliyepungua kama bibi, mwongozo wa ESPEN, chama cha lishe ya wagonjwa cha Ulaya, unataka alishwe siku 7 hadi 14 kwanza, hata operesheni ikisogezwa. Hili namwambia daktari wa upasuaji mwenyewe, faili mkononi. Uji wa maziwa, mayai, samaki aliyetolewa miiba, kidogo kidogo mara nyingi. Aliyekaa siku nyingi bila kula aanze taratibu, na madini ya potasiamu na fosfeti yapimwe kwenye damu, maana kumjaza ghafla kunaweza kumuua.

Aliye chini ya 3 mpime tena kila wiki maadamu bado anasubiri.