Anasoma yote, haelewi kitu: mrudishie kifungu kilekile

Nafundisha darasa la pili hapa Ujiji, Kigoma. Wazazi wakija shuleni, swali halibadiliki: "Mwalimu, mbona anasoma mpaka mwisho, nikimuuliza hajui alichosoma?"

Msikilize vizuri. Anasoma "wa-li-po-wa-sha". Akifika kwenye "sha", ile "wa" ya mwanzo inayotaja watendaji imeshamtoka. Akili yote imeishia kwenye kuunga silabi, ya kuelewa haikubaki.

Kitabu kipya kila siku hakitamsaidia. Tafuta kifungu kifupi, maneno hamsini hivi, cha mambo anayoyajua. Mimi huandika vyangu: "Wavuvi walipowasha taa, mwezi ulikuwa umeshachomoza. Asubuhi walirudi Kibirizi na ndoo mbili tu za dagaa…" Kama nyumbani mnaongea Kiha, neno kama "umeshachomoza" liongeleeni kabla hamjaanza.

Msomee wewe kwanza, kwa sauti ileile unayoongea nayo, kidole chake kikifuata maneno. Kisha chora mkwaju wa penseli kila panapostahili pumzi:

Wavuvi walipowasha taa / mwezi ulikuwa umeshachomoza /

Asome fungu zima kwa pumzi moja. Neno likimshinda, subiri kidogo, mtajie, aendelee. Ukimkaba na silabi katikati ya sentensi, habari yote inampotea. Arudie mara tatu au nne, na kesho tena. Mmarekani S. Jay Samuels, mtafiti wa usomaji, aliandika kuhusu njia hii ya kurudia mwaka 1979, ingawa walimu wa madrasa wa hapa kwetu hawakumsubiri.

Ukitaka kupima, weka dakika moja kwenye simu, uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Ila yasigeuke mashindano. Wapo wanaokimbia wakaruka nukta zote, na hao nao hawaelewi. Mimi husikiliza kama sauti inatua kwenye nukta.

Ukishuku amekariri, mwonyeshe kwa kidole neno mojamoja ukianzia mwisho, alisome: "dagaa", "ndoo".

Maswali yaje baada ya hapo. "Walirudi wapi?" ni swali jepesi mno, jibu limeandikwa. Muulize: "Kwa nini dagaa walikuwa wachache?" Kifungu hakisemi. Lakini mtoto wa Kigoma anajua kwamba kukiwa na mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Akikujibu hivyo bila kurudi kuchungulia maandishi, mpe kifungu kingine.