Somo: herufi moja iliyokipa kirusi cha chikungunya mbu mwingine

Wakuu, watu wakisikia kirusi kimebadilika wanajua ndo kimekuwa kikali kila mahali. Sio hivyo. Nachukua chikungunya maana ni ya kwetu kabisa, ilijulikana kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na jina lenyewe ni la Kimakonde, mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Hatua ya 1, jua safari yake. Mbu akinyonya mgonjwa, kirusi lazima kiingie seli za utumbo, kitoke, kifike tezi za mate. Kikikwama utumboni basi, hakuna wa kuambukizwa.

Hatua ya 2, mjue mbu. Mlipuko wa Lamu na Mombasa 2004 mbu alikuwa Aedes aegypti. Ugonjwa ukavuka Comoro ukafika kisiwa cha Réunion 2005, kule aegypti ni wachache, waliojaa ni ndugu yake Aedes albopictus, mweusi mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni.

Hatua ya 3, badiliko. Herufi moja ilibadilika kati ya kama 12,000 za RNA (maandishi ya urithi ya kirusi), basi asidi amino (tofali la kujengea protini) ya 226 kwenye E1, protini ya ganda la nje la kirusi, ikatoka alanini ikawa valini. Sampuli za mwanzo hazina, miezi michache mbele karibu zote zinayo, na theluthi ya kisiwa ikaugua, watu kama 266,000!

Hatua ya 4, shindanisha (maabara maalum tu hii jamani). Kirusi cha zamani na kipya nusu kwa nusu kwenye damu ya vuguvugu, mbu wanyonye mpaka tumbo liwe jekundu, subiri siku kadhaa, af mng'oe miguu na mabawa, mdomo wake uingize kwenye kimrija cha kioo ateme mate, uangalie kipi kimejaa. Kwa albopictus cha valini kinashinda mbali, kinamwambukiza hata damu ikiwa na virusi pungufu karibu mara 100. Kwa aegypti faida hiyo haipo.

MASWALI

Mdau: Mkuu, albopictus kwao ni Asia na chikungunya ilikuwepo huko miaka yote, mbona haikubadilika?
Mimi: Hili ndo tamu. Aina ya Asia ina asidi amino tofauti namba 98 kwenye E1 hiyohiyo, valini ikija haisaidii kitu.

Mdau: Kwa hiyo ilikuwa bahati ya Réunion tu?
Mimi: Hapana, 2007 ilijitokeza yenyewe India na Gabon pia, kwenye albopictus haohao.

Mdau: Niko Mombasa, inanihusu?
Mimi: Sana, aegypti wa kwenye mapipa yako hahitaji hiyo valini, anakibeba kirusi cha zamani vizuri tu. Funika maji.