Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kupiga Picha Unguja kwa Simu

Anza na nafasi. Picha moja ya kawaida hula megabaiti 3 hadi 5, kwa hiyo picha peke yake si tatizo. Kinachomaliza simu ni video. Dakika moja ya 4K, ule ubora wa juu sana, huchukua megabaiti 170 hadi 350, kutegemea simu inavyoibana, na ngoma ya dakika kumi inaweza kukugharimu GB 3. Kama video yenyewe itaishia WhatsApp, rekodi kwa 1080p, ubora wa chini yake, maana huko itabanwa tu. Acha GB 20 tupu kabla ya kuondoka. Mafaili ya magrupu ndiyo ya kwanza kufutwa. Usitegemee intaneti ya hoteli kuhifadhi picha kila usiku: nunua flashi inayoingia kwenye simu yako na ujaribu kuhamishia faili moja ungali nyumbani, kwa sababu si kila simu inasoma kila flashi.

Pawabenki ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Umeme mwingine hupotea njiani kama joto, hivyo hesabu mara moja na kidogo. Ukisafiri kwa ndege, iweke kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia chini. Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo na chaja ya pini mbili za mviringo abebe adapta, kwani soketi nyingi za Zanzibar ni za pini tatu bapa.

Sasa ingia kwenye kamera. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa kile kitu cha urembo kinacholainisha ngozi na kuipausha. Zima. Kinafuta mikunjo ya mzee na kumbadilisha rangi, na picha ikishahifadhiwa hivyo, hairudi. Washa mistari ya gridi ili upeo wa bahari usilale upande. Kisha jizoeze jambo moja mpaka kidole kizoee: bonyeza uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie mpaka alama ya kufunga itokee, halafu telezesha kidole juu au chini kuongeza au kupunguza mwanga. Bila hilo, mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta wa chokaa au mchanga mweupe atatoka kivuli kitupu, kwa sababu simu inapima weupe wa nyuma na kutia giza picha nzima.

Mji Mkongwe una shida yake. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo adhuhuri juu kunawaka na chini ni giza, na hakuna simu inayomudu vyote viwili vizuri. Ama pita asubuhi, ama iache mbingu nje ya fremu. Watu hukimbilia lenzi pana kwa kuwa hakuna pa kurudi nyuma, kisha wanainua simu kutazama juu, na kuta zinaegemeana kama zinataka kuanguka. Shika simu wima kabisa, usawa wa kifua. Milango ya nakshi inataka mwanga wa ubavuni: ukija wa mbele moja kwa moja, maua na minyororo iliyochongwa hulala bapa, ukija wa pembeni kila mchongo hupata kivuli chake. Jioni Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari hapo Mji Mkongwe, kabla hujawasha hali ya usiku, tafuta pa kuegemeza viwiko; baraza yoyote inafaa, kwani simu huhitaji sekunde kadhaa bila kutikisika. Usivute picha kwa vidole, sogea. Kuvuta mara mbili kwenye kamera ya megapikseli 12 kunakuachia 3 tu.

Machweo hayasubiri. Jua la huku huzama karibu wima, kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kulingana na mwezi, na mwanga mzuri wa mwisho haufiki saa nzima. Kuwa mahali pako saa 11 na nusu. Machweo ya baharini yako upande wa magharibi, Forodhani au Kendwa. Paje na Jambiani, zilizo pwani ya mashariki, ni za mawio.

Lililo muhimu kuliko saa ni maji, na hili wageni wengi hawalipangi. Pwani ya mashariki bahari hupwa mamia ya mita. Siku za bamvu, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na hapo ndipo akina mama wanaolima mwani huwa kazini. Siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa na kupwa kidogo, wiki moja baadaye, maji hujaa kwenye saa hizo hizo na jua liko juu: huo ndio wakati wa ile rangi ya buluu unayoiona kwenye kalenda. Chagua unachotaka kabla ya kulipia chumba. Kwa akina mama hao, shikamoo kwanza, kisha omba, na akikataa usisisitize.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi huingia ukungu. Subiri dakika kumi badala ya kuifuta kwa kanga iliyojaa mchanga, na beba kitambaa cha miwani. Simu ikipata moto hadi kamera ikajizima, ipeleke kivulini, si kwenye friji. "Haipitishi maji" ni ahadi ya maji yasiyo na chumvi, si ya bahari: ikilowa baharini, isuuze kwa maji ya bomba na usiichaji mpaka ikauke kabisa. Mfuko wa plastiki wa kuogelea nao ujaribu nyumbani, karatasi ya chooni ndani, nusu saa kwenye ndoo. Kwa kuwa skrini haisikii kidole chini ya maji, fungua kamera kabla ya kuzama na upige kwa kitufe cha sauti.