Sukari na mishipa ya miguu: kagua mapema, usingoje maumivu

Mitaa ya Lamu gari haipiti, ni miguu yako ama punda, kwa hivyo mtu akianza kupumzika kila baraza akielekea Langoni watu husema tu mzee kachoka. Mimi kliniki namuuliza, ami, shavu la mguu lakaza ukitembea, ukisimama dakika chache laachia? Akisema ndio, nashuku ateri za miguu, yaani mishipa ipelekayo damu, zimeanza kuziba kwa mafuta. Ubaya ni kwamba sukari huharibu neva pia, wengi hawasikii kitu mpaka kidonda cha ndara kikatae kupona.

Hatua ya 1: jua hatari zako. Sukari ya miaka 10 na zaidi, tena isiyoshuka, presha, kolestro, figo, umri, na sigara. Sigara ukiwa na sukari hapo sina hata utani.

Hatua ya 2: vua makubadhi ukae penye mwanga. Linganisha miguu: mmoja baridi kuliko mwenzake? ngozi yang'aa, vinyweleo vimekwisha? Angalia hadi katikati ya vidole.

Hatua ya 3: tafuta mapigo. Tumia vidole viwili, gumba usitumie maana lina mapigo yake litakudanganya. Weka juu ya mguu, usawa wa kidole gumba cha mguu na cha pili, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, na usibonyeze sana utayazima. Hapo juu ya mguu kuna watu wenye afya kabisa mapigo yao hayasikiki, lakini kote kuwili kukiwa kimya njoo upimwe.

Hatua ya 4: kipimo chenyewe. Walala dakika 5 hadi 10, twapima presha ya mikono yote na ya vifundo kwa dopla, kile kimashine cha kusikiliza damu ikipita, kisha ya kifundo twaigawa kwa ile kubwa ya mkono. Mfano kifundo 96, mkono 140, yaja 0.69. Ikiwa 0.90 kushuka, mshipa umeziba. Sasa hapa hata wahudumu huteleza: ikizidi 1.40 si afya, ni ukuta wa mshipa umekuwa mgumu kwa chokaa mpaka mkanda wa mashine hauubani, na wenye sukari hupata sana hilo. Huyo apimwe presha ya kidole gumba cha mguu.

Hatua ya 5: kama hakuna kidonda, tembea. Mara 3 kwa wiki, nusu saa au zaidi, mguu ukikaza simama, ukiachia endelea, nipe miezi 3. Njia ya Shela yatosha. Dawa za presha na kolestro meza hata ukijisikia mzima, na miguu ikiwa baridi vaa soksi, usiikande kwa maji moto, utaungua bila kujua.

Ila mguu ukiwa baridi na mweupe ghafla, au kidole kikageuka cheusi, usikae ukipaka mafuta ya nazi, uko Pate uko Faza, panda boti saa hiyo hiyo.