Kuchagua Njia ya Jahazi kwa Chakula cha Jioni cha Kikundi Mbele ya Mji Mkongwe

Anayepewa kazi ya kuandaa chakula cha jioni juu ya jahazi, iwe ni kwa wafanyakazi wa ofisi moja, kwa ukoo uliokusanyika kwa ajili ya harusi au kwa wageni waliotoka bara, kwa kawaida huanza kwa kuuliza jahazi litakwenda wapi. Swali hilo ni halali, lakini huja mapema mno. La kuuliza kwanza ni chombo kitakuwa wapi jua linapozama, na kitakuwa wapi sahani zinapopakuliwa. Ukishajua hayo mawili, njia huanza kujichora yenyewe. Maelezo yanayofuata yanahusu bahari iliyo mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuanzia Shangani hadi Malindi, pamoja na visiwa vya Chapwani, Changuu na Bawe vilivyo mkabala nayo.

Sababu ya kuichagua bahari hii ni kwamba mji umeelekea magharibi. Jua la jioni hupiga moja kwa moja juu ya kuta za Ngome Kongwe, juu ya Beit el Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, juu ya Kasri, na juu ya roshani za dispensari ya zamani iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara tajiri Tharia Topan. Nyuma yake huonekana Minara Miwili ya kanisa Katoliki. Mombasa ni kinyume chake: Mji wa Kale na Fort Jesus vimetazama mashariki, kwa hiyo jua huzama nyuma ya majumba, na aliye majini huona maumbo meusi dhidi ya anga jekundu. Hilo nalo lina uzuri wake, ila ni uzuri wa namna nyingine, na linataka njia nyingine.

Hapa Unguja jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10, kutegemea mwezi wa mwaka. Huchelewa zaidi mwanzoni mwa Februari na huwahi mwezi wa Mei na wa Oktoba. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza haliji polepole: dakika 20 na ushei baada ya jua kuzama, hakuna tena cha kupiga picha isipokuwa taa. Mahali linapozamia pia huhama. Mwezi wa Juni jua huelekea kaskazini kidogo ya magharibi, likaangukia upande wa kulia wa Bawe kwa mtazamaji aliye Forodhani, bustani ya ufukweni mbele ya mji, na nuru yake huupiga mji uso kwa uso. Mwezi wa Desemba huzama kusini ya magharibi, juu ya bahari tupu, na nuru hupita ubavuni mwa majumba, ikaacha nusu ya madirisha kivulini. Kwa hiyo anayetaka picha ya kikundi yenye mji uliong'aa nyuma yao ana bahati zaidi katikati ya mwaka kuliko mwishoni.

Njia zinazotolewa na wenye vyombo kwa kawaida ni tatu. Ya kwanza hutoka kidogo nje ya Shangani, ikarudi sambamba na mji hadi karibu na Malindi. Ya pili huvuka hadi Changuu, kisiwa cha makobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli, au Chapwani, ambako walizikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus iliyozamishwa na Wajerumani Septemba 1914. Ya tatu hufuata pwani kuelekea kaskazini, kupita magofu ya makasri ya Maruhubi na Mtoni. Kwa maoni yangu, ya kwanza ndiyo njia ya chakula cha jioni, na nyingine mbili ni safari za mchana zinazouzwa wakati usiofaa. Changuu iko kilomita 5 hadi 6 kutoka mjini. Ukiondoka saa 11 jioni utaifikia jua likiwa linakaribia kuzama, utarudi gizani, na wageni watakula huku chombo kikiyumba katikati ya mkondo, mahali ambapo hakuna cha kutazama. Magofu ya Mtoni na Maruhubi ni ya kuteremka na kutembea ndani yake. Ukiwa majini jioni utaona minazi na mikoko tu, na mtu asiyeambiwa hatajua kwamba amepita alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844.

Ukishaikubali njia fupi, linalobaki ni kuamua ipitiwe kutoka upande gani, na hapo upepo ndio wenye kauli. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Mei hadi Septemba, upepo hutoka kusini. Mwombe nahodha atumie mashine kwanza kwenda kusini-magharibi ya Shangani, kilomita moja au mbili nje, ndipo atweke tanga na kuuacha upepo uwasukume kurudi kaskazini mbele ya mji. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, geuza mpango: mashine iwapeleke kaskazini, upande wa Chapwani, kisha tanga liwarudishe kusini hadi mbele ya Forodhani. Faida yake ni kwamba sehemu ya safari yenye mandhari hufanyika upepo ukiwa nyuma, chombo hakilali upande, sahani hazitelezi, na kelele za mashine humalizika kabla watu hawajaanza kuzungumza. Nahodha akilazimika kubisha dhidi ya upepo na wageni arobaini juu ya sitaha, mambo matatu hutokea kwa pamoja: chombo huinama, tanga huhamishwa juu ya vichwa vya watu mara kwa mara, na wasiozoea bahari hunyamaza ghafla. Jambo moja zaidi upande wa Malindi: boti za kasi za Dar es Salaam huingia na kutoka hapo na kuacha mawimbi makubwa. Ulizia ratiba ya jioni ya siku hiyo, ili chakula kisipakuliwe boti inapopita.

Maji ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote, ingawa huamua kama mama mzee atapanda chombo akiwa mkavu. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa mbele ya Unguja hufikia karibu mita 4. Siku hizo, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa 10 na nusu jioni na kupwa kabisa mnamo saa 4 na nusu usiku. Maana yake ni hii: mtapanda saa 11 kwa raha, mashua ikiwa imeegemea ufukweni, lakini mkirudi saa 2 na nusu usiku maji yatakuwa yameshuka takriban mita 3, na pale mlipopandia patakuwa mchanga mtupu na mawe yenye utelezi. Hapo ndipo utawaona akina mama wamekusanya mabaibui kwa mkono mmoja na kushika viatu kwa mwingine, wanamulikiwa na tochi ya simu, wakati baharia mmoja anawabeba watoto mgongoni.

Tiba yake ni kalenda ya mwezi. Maji huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo siku ya pili hadi ya nne baada ya mwezi mpevu au baada ya kuandama, maji hujaa kati ya saa 12 na saa 2, katikati kabisa ya safari yenu, na mnapanda na kushuka yakiwa juu. Tarehe 17 hadi 19 za mwezi wa Kiislamu, au tarehe 2 hadi 4, ndizo ningezipendekeza kwa kikundi chenye wazee na watoto. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 8 na 22, nazo hazina tabu kubwa, kwa sababu tofauti ya maji ni ndogo. Kikundi cha vijana wasiojali kulowa kinaweza kuchagua tarehe 14 au 15 kwa ajili ya mbalamwezi, ambayo siku hizo huchomoza mashariki, nyuma ya mji, karibu na wakati ule ule jua linapozama upande wa pili. Tarehe 16 ni suluhu baina ya matakwa hayo mawili: mwezi huchelewa chini ya saa moja, na maji bado ni ya kuridhisha. Kama kuna gati au daraja la kupandia linaloelea linaloruhusiwa kutumika, lipe kipaumbele, hata kama bei yake imepanda kidogo.

Sasa unganisha saa. Tuseme jua linazama saa 12 na dakika 20. Watu wakusanyike saa 10 na nusu, jahazi ling'oe nanga saa 11 na dakika 10, na kufikia saa 12 kasoro robo tanga liwe juu na mji uwe mbele ya macho ukiwa na rangi ya shaba. Vitafunio vikavu hutosha kwa muda huo: kachori, sambusa, mishikaki midogo. Chakula chenyewe kisubiri. Jua likishazama, na wale wanaosali Magharibi wakishapata nafasi yao, nahodha atie nanga mbele ya Forodhani, taa za wauza vyakula zikiwa zimewashwa ufukweni, ndipo samaki wa kupaka na mkate wa mofa vifunuliwe. Urojo uachwe nchi kavu. Jiko la mkaa, kama lipo, liwekwe upande wa demani, upepo unakoelekea, ili moshi usiwafuate watu waliokaa joshini, upepo unakotokea.

Suala la sala linastahili kupangwa mapema na si kuachiwa kila mtu ajitafutie pembe. Kibla kwa Zanzibar ni karibu kaskazini kabisa, na jahazi lililotia nanga hugeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kuelekea upepo au mkondo. Wakati wa kaskazi omo hutazama takriban kibla yenyewe. Wakati wa kusi hutazama kinyume, na mikeka hutandikwa kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo. Muulize nahodha asafishe sehemu hiyo kabla, kwani mara nyingi ndipo kamba na maboya yanaporundikwa. Mwezi wa Ramadhani mpango mzima hubadilika: tende na maji vigawiwe kabla jua halijagusa bahari, na jahazi liwe limetulia wakati wa adhana, kwa sababu mtu aliyefunga kutwa hana hamu ya mandhari ya mawimbi.

Kabla ya kulipa arubuni, panda chombo mchana na ukitazame kikiwa kitupu. Angalia cheti cha Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na idadi ya abiria iliyoandikwa humo, kisha toa sehemu ya idadi hiyo kwa ajili ya wapishi, wapiga taarabu na meza, kwa sababu nao huchukua nafasi. Hesabu jaketi za kuokolea kwa mkono wako, zikiwemo za watoto. Tazama choo. Simama chini ya foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na uulize watu watakaa wapi inaposhushwa. Nahodha mzuri atakuonyesha kwa kidole mara moja, na asiye mzuri atakuambia usiwe na wasiwasi.

Mwisho, andikianeni njia mbadala katika mapatano yenu. Msimu wa masika, na wakati wa kusi kali la Julai, kuna jioni ambazo bahari nje ya Shangani haifai kwa watu wanaokula. Mkubaliane mapema kwamba siku hiyo jahazi litatia nanga mbele ya Forodhani tangu mwanzo, chakula kitaliwa hapo hapo, na bei itapungua kwa mafuta ambayo hayakutumika. Na kwamba uamuzi huo ni wa nahodha peke yake, utolewe kabla ya saa 9 alasiri, ili wageni wapate habari wakiwa bado nyumbani.